Je, Theluji Itaanguka Siku ya Krismasi?



Kila mwaka, mwezi wa Oktoba unapokwisha, watu wa Uingereza huanza kuulizana swali moja. Huulizana majumbani, madukani na ndani ya magari ya moshi: Je, mwaka huu theluji itaanguka Siku ya Krismasi? Swali hili laweza kuonekana kuwa la watoto. Lakini limewashughulisha mabingwa wa elimu ya hewa kwa miaka mingi, na jibu lake lina mafunzo kwa mtu ye yote anayetazama mbingu kabla ya kupanda mbegu au kufunga safari. Mazungumzo ya leo ni juu ya jibu hilo, yaani ni siku ngapi mbele mwanadamu aweza kuona, na kwa nini haoni kupita hapo.

THELUJI YA MLIMANI NA THELUJI YA MLANGONI

Kwanza yafaa kueleza kitu chenyewe. Theluji si mvua ya mawe. Mvua ya mawe huanguka kwa kishindo, ikapiga mabati na kuharibu mimea. Theluji hufanyika winguni wakati mvuke unapoganda bila kuwa maji kwanza. Vipande vyake vidogo vya barafu hushikamana, kisha vikashuka polepole bila sauti, kama sufi inayopeperushwa na upepo.

Afrika ya Mashariki si ngeni wa theluji. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro, na kiongozi wake hakuwa na jina jingine la kitu kile ila "baridi". Mwenziwe, Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Habari hizo zilipofika London, mwanachuoni mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, alizikataa kabisa. Alishikilia kwamba haiwezekani theluji ikae karibu na Ikweta. Yeye alikuwa na vitabu vingi, wao walikuwa wametazama kwa macho; na waliotazama ndio waliokuwa na kweli.

Lakini theluji ya milima hiyo hutokana na urefu wa mlima. Atakaye kuigusa hupanda juu, wala hana haja ya kutabiriwa siku. Uingereza mambo ni mbalimbali. Huko baridi huja kwa majira. Mwishoni mwa Desemba jua husafiri chini sana upande wa kusini, na mchana wa London huwa wa saa nane tu hivi. Theluji yaweza kushuka hata mlangoni pa mtu, ama isishuke kabisa. Na hapo ndipo swali linapozaliwa.

WANAOITAMANI NA WANAOIOGOPA

Kadi za Krismasi za Uingereza huonyesha mapaa meupe na miti iliyofunikwa kwa theluji. Mtu aweza kudhani kwamba kila Krismasi ya nchi ile ni nyeupe. Sivyo. Picha hizo zimetoka katika zamani za baridi zaidi. Mwandishi Charles Dickens, ambaye kitabu chake juu ya Krismasi kilitolewa mwaka 1843, alizaliwa mwaka 1812, na miaka ya utoto wake ilikuwa ya baridi kali. Mwaka 1814 Mto Thames uliganda katikati ya London, watu wakafanya soko juu ya barafu. Tena kalenda yenyewe ilibadilishwa. Mwaka 1752 Waingereza waliondoa siku 11, hata tarehe 2 Septemba ikafuatwa na tarehe 14. Kwa hiyo Krismasi ya mababu zao iliangukia siku ambazo leo ni za mwanzo wa Januari, na kwa kawaida Januari na Februari zina theluji nyingi kuliko Desemba.

Watoto huitamani theluji. Wako pia watu wazima wanaoiwekea fedha katika kamari. Lakini wako wanaoiogopa, nao wana sababu. Mzee anayekaa peke yake hufikiri habari ya makaa na chakula. Mchungaji wa kondoo hufikiri juu ya mifugo iliyo vilimani. Wenye kazi ya barabara sharti wamwage chumvi kabla ya maji kuganda, kwa maana gari likiteleza hakuna breki iwezayo kulizuia.

Mwaka 2010 watu waliona hasara hiyo. Desemba ile ilikuwa na baridi kuliko Desemba zote za nchi ile tangu mwaka 1910. Tarehe 18, wiki moja tu kabla ya sikukuu, uwanja wa ndege wa Heathrow ulifungwa kwa sababu ya theluji, na maelfu ya wasafiri wakakwama. Wengine walilala sakafuni siku kadhaa. Basi, kwa watu kama hao, kujua mapema kwa siku mbili au tatu si mchezo.

CHEMBE MOJA YATOSHA

Ajabu ni kwamba watu wengi wanaobishana juu ya "Krismasi nyeupe" hawajui maana yake. Kwa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza maana yake ni hii: hata chembe moja ya theluji ikionekana ikianguka wakati wo wote katika saa 24 za tarehe 25 Desemba, po pote nchini, basi Krismasi hiyo ni nyeupe. Hapo zamani walitazama kituo kimoja tu mjini London. Siku hizi hutazama vituo vingi.

Kwa kipimo hicho Krismasi nyeupe si haba. Katika karibu nusu ya miaka tangu 1960, vituo 5 au zaidi katika kila 100 viliona theluji ikianguka siku hiyo. Lakini chembe chache zinazoyeyuka kabla ya kufika chini sizo zilizochorwa kwenye kadi. Tukihesabu theluji iliyolala chini kwa upana, yaani zaidi ya vituo 40 katika kila 100 viikute ardhini asubuhi, basi tangu mwaka 1960 ni miaka minne tu inayotajwa: 1981, 1995, 2009 na 2010.

Hapa lipo fundisho la kwanza. Kabla ya kumwuliza mtabiri, sharti mtu ajue anauliza nini. Watu wawili waweza kushindana usiku kucha, mmoja akisema theluji ilikuja na mwingine akisema haikuja, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

KWA NINI KAZI HII NI NGUMU

Uingereza ni kisiwa, na bahari inayoizunguka haipoi upesi. Hata Desemba maji yake hushika joto lililobaki tangu kiangazi. Upepo ukivuma kutoka magharibi, huleta mawingu na maji mengi, lakini pia huleta uvuguvugu, na kinachoanguka ni mvua. Upepo ukivuma kutoka kaskazini au mashariki, huleta baridi, lakini mara nyingi hauna maji ya kutosha. Ili theluji ianguke, baridi na unyevu havina budi kukutana mahali pamoja kwa saa ileile.

Tena mpaka kati ya mvua na theluji ni mwembamba sana. Kwa kawaida theluji hufika chini wakati hewa ya karibu na ardhi ina digrii 2 za sentigredi au pungufu. Hewa ikiwa na digrii 1, mji waweza kuwa mweupe. Ikiwa na digrii 4, ni matope tu. Njia ya tufani ikihama maili chache kaskazini au kusini, mji mmoja hufunikwa na wa jirani hupata manyunyu.

Na siku moja yaweza kuwa tofauti yote. Mwaka 1962 theluji kubwa ilianza kuanguka tarehe 26 Desemba, siku iliyofuata Krismasi katika sehemu nyingi. Baridi iliyokuja nayo haikuondoka hata mwezi wa Machi 1963. Kipindi kile kimebaki katika kumbukumbu ya watu kuwa miongoni mwa vipindi vikali kabisa vya baridi; na hata hivyo kwa wengi theluji ilichelewa Krismasi kwa siku moja.

WALIOFUNGUA NJIA

Hapo kale watu walitafuta dalili mahali pengine. Palikuwa na mti uitwao holly, wenye majani ya miiba na matunda mekundu. Wazee walisema kwamba matunda yakiwa mengi, baridi itakuwa kali. Mabingwa wamelichunguza jambo hili, nao waeleza kwamba wingi wa matunda hutokana na hali ya hewa ya miezi iliyopita, siyo ya miezi ijayo. Mti husimulia yaliyokwisha kuupata; watu ndio walioufanya mwaguzi.

Mtu aliyeanza kuitengeneza kazi hii kwa utaratibu alikuwa Robert FitzRoy, baharia aliyekuwa nahodha wa meli iitwayo Beagle. Mwaka 1854 alipewa kuongoza ofisi mpya ya kukusanya habari za hewa. Mwaka 1859 tufani iliizamisha meli ya Royal Charter karibu na pwani ya Wales, watu zaidi ya 400 wakafa. FitzRoy aliona kwamba watu wa mbali walikuwa wamekwisha kuiona tufani ile, na kwamba simu ya waya yaweza kukimbia mbele ya upepo. Akaanza kupeleka maonyo bandarini, na mwaka 1861 utabiri wake ukaanza kupigwa chapa magazetini. Yeye mwenyewe alisisitiza kwamba utabiri huo si unabii. Ni maoni yaliyopatikana kwa kukusanya habari na kuzipima. Lakini alipokosea watu walimcheka. Mwaka 1865, akiwa amechoka na kuonewa na huzuni, alijiua. Heshima yake ilirudi baadaye: mwaka 2002 sehemu moja ya bahari inayotajwa katika habari za hewa za mabaharia ilipewa jina lake.

Wa pili ni Lewis Fry Richardson. Katika vita vya 1914 hata 1918 alikuwa Ufaransa akisaidia kubeba majeruhi, na katika siku hizohizo alijaribu kuitabiri hewa kwa hesabu tupu. Aliichukua siku moja ya mwaka 1910, akapiga hesabu kwa majuma kadhaa ili apate mabadiliko ya saa sita tu. Jibu lake lilikosea vibaya mno: hesabu ilisema uzito wa hewa ungepanda kupita kiasi, na kumbe siku ile ulikuwa karibu haukubadilika. Hata hivyo alilichapisha kosa lake wazi katika kitabu cha mwaka 1922, ili wengine wajifunze. Njia yake ilikuwa njema, ila mikono ya kuhesabu ilikuwa michache. Mwaka 1950 kompyuta ya kwanza ilipewa kazi hiyo huko Marekani, na utabiri wa saa 24 ulichukua karibu saa 24 kuupata.

MPAKA WA MACHO

Baada ya hapo wengi walidhani kwamba kompyuta zikizidi nguvu, mtu ataweza kuijua Krismasi tangu mwezi wa Juni. Bingwa Edward Lorenz wa Marekani aligundua kwamba haiwezekani. Mwaka 1961 aliirudia hesabu moja ya hewa, lakini badala ya kuandika 0.506127 akaandika 0.506. Tofauti ni ndogo kuliko punje ya ulezi. Mwanzoni majibu mawili yalifuatana, kisha yakaanza kuachana, na mwisho yakawa hayafanani hata kidogo. Akaieleza habari hiyo kwa wataalamu mwaka 1963. Maana yake ni kwamba hakuna mtu awezaye kuipima hewa yote ya dunia bila kosa dogo, na kila kosa dogo hukua siku hata siku. Baada ya majuma mawili hivi, habari ya siku moja katika mji mmoja hupotea kabisa.

Watabiri wa leo hawauficho mpaka huo. Wamejifunza kufanya kazi ndani yake. Katika kituo cha nchi za Ulaya kilichoanzishwa mwaka 1975, chenye makao yake Reading, Uingereza, hesabu hairudiwi mara moja, bali mara 50 na zaidi, kila mara kwa kubadili kidogo vipimo vya mwanzo. Njia hiyo ya kurudia hesabu wameitumia tangu mwaka 1992. Kama katika hesabu 50 arobaini zaonyesha theluji, mtabiri husema kwamba yaelekea kuanguka. Kama ni tano tu, husema yawezekana, lakini si ya kutegemewa. Kama hesabu zatawanyika huku na huku, basi anajua kwamba hajui, naye husema hivyo.

Kwa kazi hii, Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza husema kwamba yaweza kutabiri vema kama theluji yaelekea kuanguka Krismasi ikiwa zimebaki siku tano tu. Kabla ya hapo hutaja mwelekeo, haitaji siku. Ni kidogo? Siku tano zatosha kumwaga chumvi barabarani, kumpelekea bibi kizee makaa, na kubadili siku ya safari. Lakini kila Oktoba hutokea habari kubwa magazetini kwamba theluji itafunika nchi nzima sikukuu. Habari hizo huuza magazeti, hazina msingi.

Jambo moja tena sharti litajwe. Dunia inazidi kuwa na joto, bahari na nchi kavu pia, na kwa sababu hiyo nafasi ya Krismasi nyeupe Uingereza inapungua. Haina maana kwamba baridi kali haitakuja tena. Itakuja, lakini si mara kwa mara kama zamani. Barafu ya Mlima Kenya nayo, ile aliyoiona Krapf, imepungua sana.

FAIDA YAKE KWA MKULIMA

Mtu aweza kuuliza, haya yote yamhusu nini mkulima wa Kenya asiyengoja theluji? Yamhusu kwa sababu hesabu ni ileile. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri kabla ya mvua ndefu za Machi hata Mei, na kabla ya mvua fupi za Oktoba hata Desemba. Haitaji kwamba tarehe fulani mvua itanyesha shambani kwa fulani. Husema kama majira yaelekea kuwa na mvua nyingi, ya kadiri, au kidogo. Kusema hivyo kwawezekana kwa sababu bahari, ya Hindi na hata ya Pasifiki, huongezeka joto na kupoa polepole, nayo huisukuma mvua kwa miezi. Mwaka 1997, joto la bahari hizo lilipozidi, mvua fupi zilikuwa gharika.

Utabiri huo haukuja kuwadharau wazee. Ukoo wa Nganyi huko Bunyore, unaojulikana tangu zamani kwa kuzisoma dalili za mvua, umekaa pamoja na mabingwa wa Idara, wakalinganisha wanayoyaona. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kila wingu ni mvua.

Kwa hiyo msikilizaji akiletewa utabiri, na aulize mambo matatu. La kwanza, unasema juu ya mahali gani na siku zipi? La pili, katika mara kumi, mara ngapi hutokea hivyo? La tatu, umetolewa siku ngapi kabla? Mtabiri akisema mara saba katika kumi, na mvua isinyeshe, asiitwe mwongo kwa siku ile moja. Mara tatu zile alizitaja mwenyewe. Bali asemaye kwamba ana hakika ya miezi mitatu mbele, huyo ndiye wa kutiliwa shaka, hata kama mwaka huu amebahatisha. Na mkulima mwenye busara, akiambiwa mara saba katika kumi, hupanda, lakini haimalizi mbegu yote ghalani.

Basi mtu akiulizwa mwezi wa Oktoba kama theluji itaanguka London Krismasi ijayo, jibu la haki ni fupi: yawezekana, lakini miaka iliyo mingi mji ule hauioni ikilala chini siku hiyo, na atakaye kujua zaidi, na aulize tena tarehe 20 Desemba.